Kikaangio kisichokaanga: kamba wa chenga za mkate na historia ya upepo wa moto

Najua niliahidi kwamba makala itakayofuata ingehusu hifadhidata. Isubirini kidogo. Wiki mbili hizi nimekaa jikoni kuliko nilivyokaa kwenye kompyuta, na nimerudi na hadithi ya mashine.

Chanzo chake ni mwaka 2022. Mama yangu anauza sambusa hapa Isiolo mjini, na mwaka ule nusura afunge biashara. Vita vya Ukraine vilianza Februari, mafuta ya alizeti yakaadimika duniani. Halafu tarehe 28 Aprili Indonesia ikapiga marufuku kuuza nje mafuta ya mawese, ikaja kuondoa marufuku hiyo tarehe 23 Mei. Kenya inaagiza mawese mengi kutoka Indonesia na Malaysia, kwa hiyo mtu aliyekaa mbele ya karai Isiolo aliusikia uamuzi wa Jakarta mfukoni mwake. Mtungi wa lita 20 ulikaribia kufika bei maradufu. Sambusa huwezi kuipandisha bei maradufu, wateja ni walewale. Nikamwambia Mama: "Nitakununulia mashine inayokaanga bila mafuta." Akacheka tu.

Mwaka jana nilipolipwa kazi moja ya programu nikainunua. Eafraya, yaani kikaangio cha hewa, ya wati 1,500. Kwenye boksi palikuwa na picha ya kamba waliovikwa chenga za mkate, rangi ya dhahabu, wakavu, wanaong'aa. Nikasema mtihani wa kwanza uwe huo huo. Kama mashine inaweza kile inachojisifia kwenye boksi lake, basi na sambusa itaziweza.

Kamba hapa kwetu si chakula cha kila siku. Walitoka Nairobi wakiwa wamegandishwa, ndani ya sanduku la barafu, kwenye matatu, zaidi ya kilomita 270. Jirani yetu mmoja alichungulia akauliza kama nimeanza kufuga wadudu. (Wabora wa kuchanganya mambo ni sisi: kwa Waborana koche ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa ili idumu safarini, lakini mtu wa pwani ukimwambia kambakoche anamwona yule kamba mkubwa wa baharini. Nyama ile Wasomali wetu wanaiita nyirinyiri. Shikeni jambo hilo la kukausha, tutalirudia.)

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Niliwachovya kamba kwenye uji wa unga na yai, nikawapaka chenga za mkate, nikawasha nyuzi 200. Uji ulidondoka chini ya kikapu ukaungua. Chenga zilibaki nyeupe, kavu kama vumbi la randa. Kamba wenyewe walikuwa mpira. Mama alionja mmoja kwa heshima, akanyamaza.

Sisi waandika programu tukikwama tunasoma msimbo wa chanzo. Mashine hii haina msimbo ninaoweza kuusoma, ila ina historia, nikaanza kuisoma hiyo. Na huko ndiko nilikojua kwamba jina lake limetudanganya tangu mwanzo.

Rudini nami hadi Marekani, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kulikuwa na mvumbuzi aitwaye William Maxson, ambaye jina lake wanajeshi walilijua kwa sababu nyingine kabisa: kampuni yake ilitengeneza kiegemeo cha bunduki nne za rashasha za kutungulia ndege. Mtu huyohuyo alishughulikia chakula cha wanaosafiri angani. Ndani ya ndege za wakati ule abiria na wanajeshi walikula mikate baridi. Maxson akatengeneza vyakula vilivyopikwa na kugandishwa kwenye sahani yenye vyumba vitatu: nyama, mboga, viazi. Tatizo likawa jinsi ya kuvipasha moto haraka huko juu, kwa oveni isiyokuwa zigo zito. Jibu lake lilikuwa kuweka feni ndani ya oveni ili hewa ya moto izunguke. Mwaka 1945 oveni hiyo ilikuwa tayari, ikaitwa Whirlwind, yaani kimbunga. Maxson alifariki mwaka 1947, kabla ya kutajirika kwa wazo lake.

Kwa nini feni ibadilishe mambo? Fungua kompyuta yako uangalie. Juu ya prosesa kuna kipande cha chuma chenye mapezi, na juu yake feni. Bila feni, hewa iliyogusa chuma inapata moto na kukaa palepale kama blanketi, na joto linakosa pa kwenda. Feni inalipeperusha blanketi hilo. Oveni ya Maxson ni hesabu ileile iliyogeuzwa: kitu baridi kinajizungushia blanketi la hewa iliyopoa, feni inaliondoa, na joto linaingia. Siku nilipolielewa hili nilijiona mjinga, maana nimesafisha feni za kompyuta tangu nikiwa chuo na sikuwahi kufikiri kuhusu jiko.

Sasa ruka miaka 60. Mwaka 2005 hivi, Mholanzi aitwaye Fred van der Weij alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza chipsi nzuri nyumbani bila karai la mafuta. Chipsi za oveni hazikumridhisha. Alijaribu na kujaribu, akakifanya chumba cha oveni kiwe kidogo sana, upepo ukawa mkali, na chakula akakiweka kwenye kikapu chenye matundu ili hewa ipite hata chini yake. Philips wakaichukua kazi hiyo na kuionyesha Berlin mwezi Septemba 2010, kwenye maonyesho ya IFA, kwa jina la Airfryer. Jina lile ndilo lililouza. Fikiria wangeiita "oveni ndogo yenye feni", nani angepanga foleni?

Kwa hiyo mashine iliyo mezani kwetu ni mjukuu wa kipasha-chakula cha ndege. Haikaangi. Inaoka kwa upepo. Ukishajua hivyo, makosa yangu yote yanaonekana waziwazi.

Kukaanga ni nini? Unatia kitu kwenye mafuta ya nyuzi kama 180. Mafuta yanagusa kila pembe na kulisukuma joto ndani upesi kuliko hewa. Maji yaliyo juu ya chakula yanachemka na kutoka kwa fujo, ndiyo sauti ile ya chwaaa. Hapa Isiolo, tulio mita 1,100 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Maji yakiwa bado yapo, ngozi ya chakula haiwezi kupanda sana kupita hapo. Yakishatoka ndipo joto linapanda hadi nyuzi 140 na kwenda juu, na ile rangi ya dhahabu inakuja. Aliyeieleza kemia yake ni Mfaransa Louis-Camille Maillard, mwaka 1912. Ukavu kwanza, rangi baadaye. Wazee wa nyirinyiri walijua nusu ya kwanza bila maabara.

Uji wa unga unahitaji mafuta ya kuugandisha papo hapo. Upepo hauwezi, unaupeperusha tu na kuuangusha. Chenga nazo hazina mafuta ya kuzisambazia joto, ndiyo maana zilibaki nyeupe. Jaribio la pili nikafanya hivi: kamba nikawaacha wayeyuke kwenye friji usiku kucha, nikawamenya, nikautoa ule mshipa mweusi wa mgongoni, nikawapangusa kwa kitambaa hadi wakawa wakavu kabisa. Chenga nilizitia kwenye kikaango na kijiko kimoja cha mafuta, nikazikoroga juu ya moto mdogo mpaka zikawa kahawia. Zilishaiva rangi kabla hazijaingia kwenye mashine! Halafu unga mkavu, yai, chenga. Mashine nikaitanguliza kupata moto, nikawapanga kamba bila kugusana, nyuzi 200, dakika nane, nikiwageuza katikati.

Waliliana mdomoni. Jirani wa wadudu alikula watano.

Chenga zenyewe zina safari yake. Zile za Kijapani ziitwazo panko hutengenezwa kwa mkate ulioivishwa kwa kupitisha umeme ndani ya unga wenyewe, kwa hiyo hauna ganda. Na neno "pan" la Kijapani ni Kireno, pão. Wareno waliotia nanga Mombasa mwaka 1498 ndio haohao waliofika Japani mwaka 1543. Kwetu waliacha meza, bendera na parafujo. Kule wakaacha mkate.

Na kamba? Kamba wengi wa Kenya huvuliwa ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ambako mito ya Tana na Sabaki humwaga tope na rutuba baharini. Meli za kukokota nyavu zilikwaruzana sana na wavuvi wadogo huko, zikasimamishwa mwaka 2006 na kurudi mwaka 2011 kwa masharti. Tana hunywa maji ya Mlima Kenya. Maji ya upande wetu wa mlima hushuka Ewaso Ng'iro na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Hayamlishi kamba yeyote.

Haya, na sambusa za Mama? Tulizijaribu. Kikapu kinabeba sita, dakika 12. Karai lake linabeba ishirini, dakika tano. Kwa saa moja mimi nina 30, yeye ana 240. Pia unga mkavu kwenye pembe za sambusa ulibaki mweupe, mpaka nizipake mafuta kwa brashi. Na jioni mbili kati ya tano stima ilipotea, saa ambayo wateja ndio wanatoka msikitini. Ahadi yangu ya mwaka 2022 imeshindwa, na nimemwambia hivyo.

Lakini mashine hajanirudishia. Asubuhi anachukua sambusa zilizobaki jana, zile ambazo zamani alizigawa bure au kuzikaanga tena zikanywa mafuta, anazipasha kwa dakika nne. Zinarudi kavu kama za jioni, na anaziuza na chai. Sikumfundisha. Nilipomweleza habari za Maxson na ndege zake aliniuliza kama wale abiria nao walipewa pilipili.