Saa za Jani la Chai

Mwanafunzi aanzaye kusoma habari za biashara huambiwa kwamba usimamizi ni kupanga kazi, kugawa wajibu na kuhesabu gharama. Maneno hayo ni kweli, ila ni makavu. Ayatakaye yakiwa hai yafaa atazame historia ya chai katika nchi ya Kericho na Bomet, ambako jani lenyewe ndilo lililowalazimisha watu kupanga.

Jani la chai likisha kuchumwa huanza kuharibika. Likishindiliwa guniani hupata joto na kugeuka jekundu, na hapana mashine iwezayo kulirudishia ubora wake. Kwa hiyo hapana budi lifike kiwandani siku ile ile. Tena mchai hauna msimu mmoja wa mavuno kama mahindi: mchumaji huurudia kila baada ya wiki moja au mbili, achume majani mawili na kichipukizi chake. Kilo moja ya chai kavu hutaka zaidi ya kilo nne za majani mabichi. Kiwanda kikiwa kidogo, majani huoza mlangoni. Kikiwa kikubwa mno, mashine hukaa bure na gharama zake ziko pale pale. Barabara mbovu siku moja ya mvua yaweza kula faida ya juma zima.

Waliotangulia kuitafuta faida katika ardhi hiyo hawakupanda chai. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani walipewa eka 25,000 za ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis, wakalima kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mradi ukafa baada ya miaka michache tu. Walikuwa na ardhi, na serikali iliwapendelea. Lakini waliweka matumaini yao yote katika bei ya zao moja lililouzwa mbali.

Ndipo yakaja makampuni ya Brooke Bond na James Finlay, katikati ya miaka ya 1920. Haya yalikuwa na mtaji wa kungojea miche ikue miaka kadhaa bila ya kuleta senti, na yaliijua biashara ya chai tangu Bara Hindi. Yaliweka kila kitu chini ya mkono mmoja: shamba, barabara, kiwanda, nyumba za vibarua, hospitali. Meneja alimwamuru mnyapara, mnyapara akawaamuru wachumaji, na karani akaandika uzito wa kila mtu. Wachumaji wengi walitoka Kisii na nchi za Wajaluo na Waluhya. Kwa kazi ya saa mpango huo ulifaa sana. Hata hivyo daftari la kampuni halikuwa na ukurasa wa ardhi iliyochukuliwa, na madai ya Wakipsigis na ya ukoo wa Talai, uliohamishiwa Gwassi mwaka 1934, hayajamalizika hata leo.

Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kupanda chai, kwa hoja kwamba angetoa majani mabovu. Katika miaka ya 1950 mlango ukaanza kufunguliwa. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikafuatwa na Mamlaka ya Kustawisha Chai ya Kenya, KTDA. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya meneja yeyote wa kampuni. Meneja aliwaamuru vibarua wake. KTDA ilikuwa na maelfu ya wenye mali, kila mmoja bwana katika kishamba chake, na majani yao wote yalitakiwa yafike kwa wakati mmoja yakiwa na ubora mmoja.

Ufumbuzi wake, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya mambo ya busara kabisa katika historia ya biashara yetu. Vikajengwa vituo vya kununulia majani karibu na wakulima. Karani hukagua kabla ya kupima. Majani magumu hukataliwa, na mwenyewe huyarudisha nyumbani. Lori huja kuyapeleka kiwandani, mathalani Litein, Kapkoros au Mogogosiek. Malipo ya kwanza hutolewa kila mwezi kwa kilo. Ya pili, yaitwayo bonasi, huja mwisho wa mwaka wa hesabu, chai ikisha kuuzwa. Hivyo mkulima hupata fedha za chumvi na karo, na bado hubakia na sababu ya kuchuma vizuri.

Mwaka 2000 mamlaka hiyo iligeuzwa kampuni ya wakulima wenyewe kwa njia ya viwanda vyao. Ugomvi haukwisha. Katika mashamba makubwa mashine za kuchumia zilianza kuchukua kazi ya mikono, na mwezi wa Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walizichoma moto. Kwa wakulima wadogo ugomvi ni bonasi, ambayo huku mara nyingi huwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Mkulima wa Bomet ajua kila kilo aliyoipeleka mizanini. Bei hufanywa kwa dola mnadani Mombasa, gharama hukatwa katika vitabu vya kiwanda na vya Nairobi, na vitabu hivyo ndivyo avidaivyo avione.