Ulinzi wa taarifa za fedha za wateja (Kenya)

Ulinzi wa taarifa za fedha za wateja nchini Kenya unaongozwa hasa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo. Mzizi wake ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha. Benki, sacco au kampuni ya mikopo hukusanya taarifa kwa lengo lililotajwa tu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mteja, Kamishna wa Data hujulishwa ndani ya saa 72.

Kero kubwa ilitokana na mikopo ya simu. Programu ya mikopo ilisoma namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, mkwe, mwajiri, hata fundi wake wa nguo alipigiwa simu kuelezwa deni lisilomhusu. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zilipiga marufuku aibu hiyo.

Faini ya Kamishna haizidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo zaidi kati ya hivyo viwili: nafuu kubwa mno kwa kampuni tajiri. Mteja hulalamika kwa mdomo au maandishi, na uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90.