Gastrinoma

Gastrinoma ni uvimbe unaoota kwenye seli za niuroendokrini, yaani seli zenye kazi ya kutengeneza homoni, na ambao humwaga homoni ya gastrini katika damu kupita kiasi. Gastrini ndiyo inayoliamuru tumbo litoe asidi. Ikizidi, asidi hububujika usiku na mchana, na mgonjwa hupata vidonda vya tumbo vinavyorudi kila vinapotibiwa. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Zollinger-Ellison. Ni ugonjwa adimu: kwa mwaka hugunduliwa kwa watu wasiozidi 3 katika kila watu milioni 1. Hata hivyo zaidi ya nusu ya gastrinoma ni saratani, ingawa nyingi hukua polepole.

Historia

John Edkins wa Uingereza aliitaja gastrini kwa mara ya kwanza mwaka 1905. Mwaka 1955 Robert Zollinger na Edwin Ellison, madaktari wa upasuaji wa Ohio State University nchini Marekani, walieleza habari za wagonjwa wawili waliokuwa na vidonda sugu katika utumbo mwembamba, asidi nyingi mno, na uvimbe kwenye kongosho. Walikisia kwamba uvimbe ule ulikuwa ukitoa homoni. Mwaka 1964 Roderic Gregory na Hilda Tracy, huko Liverpool, walifanikiwa kuitenga gastrini safi.

Mahali na chanzo

Gastrinoma nyingi hupatikana katika eneo dogo linaloitwa pembetatu ya gastrinoma, lenye duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kichwa cha kongosho na sehemu ya mrija wa nyongo. Zile za duodeni ndizo nyingi zaidi, na mara nyingi hazifiki sentimeta 1. Kati ya asilimia 20 na 30 ya wagonjwa wana ugonjwa wa kurithi uitwao MEN1, ambao huotesha uvimbe pia kwenye tezi za paratiroidi, zinazosimamia kalsiamu, na pituitari. Kwa sababu hiyo daktari huuliza habari za ukoo na kupima kalsiamu katika damu.

Dalili

Mgonjwa hulalamika maumivu ya chembe cha moyo, kiungulia kikali na kuhara. Kuhara huku kuna maelezo yake: asidi nyingi ikishuka kwenye utumbo huharibu kimeng'enya kinachosaga mafuta, na choo hutoka chepesi, pengine chenye mafuta. Mgonjwa akimeza dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, kuhara hukoma; akiiacha, hurudi. Dalili hiyo isipuuzwe.

Vidonda vya tumbo vilivyo vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori au dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Gastrinoma hufikiriwa pale vyanzo hivyo vinapokosekana, vidonda vinapokuwa vingi au viko mbali zaidi ndani ya utumbo, au vinaporudi baada ya tiba kamili.

Utambuzi

Kipimo cha kwanza ni kiasi cha gastrini katika damu ya mtu aliyefunga kula tangu usiku. Damu hiyo huwekwa kwenye barafu mara moja, kwa kuwa gastrini huharibika upesi kwenye joto. Jibu peke yake halitoshi. Gastrini hupanda pia kwa mtu ambaye tumbo lake limeshindwa kutoa asidi, na kwa anayetumia omeprazoli kila siku. Kwa hiyo asidi ya tumbo nayo hupimwa. Gastrini ikizidi mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, na pH ya tumbo ikiwa 2 au chini yake, ugonjwa huwa umethibitika.

Majibu yakiwa katikati, hufanywa kipimo cha sekretini. Homoni hii ikidungwa kwa mtu mzima wa afya, gastrini haipandi kwa kiasi cha maana. Kwa mwenye gastrinoma hupanda ndani ya dakika chache, kwa pikogramu 120 au zaidi katika kila mililita.

Kisha uvimbe hutafutwa kwa picha za CT na MRI, kwa endoskopi yenye altrasaundi, na kwa picha za PET zinazotumia dawa iliyofungwa galiamu-68, ambayo hunata kwenye vipokezi vya homoni ya somatostatini vilivyo juu ya seli za uvimbe.

Tiba

Kazi ya kwanza ni kuzima asidi. Zamani iliwabidi madaktari kuondoa tumbo lote ili kuokoa maisha. Tangu omeprazoli ilipopatikana mwishoni mwa miaka ya 1980, upasuaji huo hauhitajiki kwa karibu wagonjwa wote. Dozi huwa kubwa, mara nyingi ikianzia miligramu 60 kwa siku.

Kazi ya pili ni uvimbe wenyewe. Usipokuwa wa kurithi wala haujasambaa, hukatwa. Daktari huipasua duodeni na kuupapasa ukuta wake kwa vidole, huku mwanga wa endoskopi ukiangaza kutoka ndani, maana vinundu vingine havionekani katika picha yoyote. Kwa wenye MEN1 vinundu huwa vingi na kupona kabisa ni nadra, hivyo wataalamu wengi husubiri mpaka uvimbe upite sentimeta 2.

Saratani ikifika kwenye ini, hutumiwa dawa za okitreotidi au lanreotidi, everolimasi, kuziba mishipa inayolisha uvimbe, au lutetiamu-177, dawa yenye mnururisho iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018.

Tahadhari

Siku hizi kinachoua zaidi ni kusambaa kwa saratani kwenye ini, si vidonda. Lakini mgonjwa wa gastrinoma anayeacha ghafla dawa ya asidi ili apimwe anaweza kutokwa na damu au kutoboka utumbo ndani ya siku chache. Dawa hiyo isisimamishwe nyumbani; daktari ndiye aamue lini na kwa namna gani.