Moto wa Kilema: Kuni, Nusu Maili na Gesi ya Samadi

Vitabu vinapotaja Kilema huanza na kahawa. Hutueleza habari za wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika kwa Mangi Fumba mwaka 1890, na habari za mibuni waliyoipanda misheni, ambayo baadaye ilienea vihambani. Hatuna ugomvi na habari hizo. Lakini kahawa huuzwa kwa msimu, ilhali moto wa jikoni huwashwa kila siku, na ajabu ni kwamba moto huo, yaani nani aliutafutia kuni na kwa ruhusa ya nani, haujapewa hata sura moja. Siku hizi sera za nishati itokanayo na misitu na kilimo huzungumzwa kana kwamba zilizaliwa juzi. Katika miteremko ya Kilimanjaro zina umri wa kutosha kuwa na wajukuu.

Kilema iko baina ya Kirua na Marangu, na hapo zamani kihamba chake kilijitosheleza kwa sehemu kubwa. Miti mirefu ilitia kivuli. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi. Masale yalionyesha mpaka, na maji yaliletwa na mfongo. Ng'ombe mmoja au wawili walifungiwa zizini mwaka mzima wakiletewa majani. Matawi ya miti ya kivuli na vijiti vya mibuni iliyopogolewa vilipikia chakula, na kuni zilizopungua zilifuatwa msituni. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na wasichana, kama ilivyokuwa kazi ya kuleta majani ya ng'ombe. Yafaa msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana katika mabadiliko yote tutakayoyasimulia, ni hili lililobadilika polepole kuliko yote.

Wajerumani ndio walioanza kuutenga msitu wa mlima, na mwaka 1921 Waingereza wakautangaza rasmi kuwa msitu wa hifadhi. Msitu ambao watu waliuhesabu kuwa wao ukawa wa Serikali. Wakati huohuo idadi ya watu ilizidi, na vihamba vikagawanywa kwa wana, na wana wa wana, hata vikawa vidogo sana. Kuni za kihamba hazikutosha tena, na za msituni zilikuwa na askari.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilikata shauri la kutenga ukanda wenye upana wa nusu maili katika ukingo wa chini wa msitu, ili wananchi wapate humo mbao, kuni na majani ya mifugo, na msitu wa juu usiguswe. Ukanda huo ukaitwa Nusu Maili, nao uliwekwa chini ya utawala wa Wachagga wenyewe. Miti iotayo upesi, kama misaipresi na mikaratusi, ilipandwa humo, na wakulima waliruhusiwa kulima mazao baina ya miche mpaka miti ikue. Hapakuwa na mtu aliyeiita sera ya nishati, lakini kwa hakika ndivyo ilivyokuwa: mti upandwe ili ukatwe, ukatwe ili upandwe tena, na mwenye kuulinda awe ndiye mwenye kuutumia. Mkoloni hatumsifu kwa urahisi, wala hatusahau kwamba alikuwa akirudisha sehemu ndogo ya kile alichokichukua. Hata hivyo, shauri lenyewe lilikuwa jema.

Kilichoharibu shauri hilo ni kuhamahama kwa mwenye ukanda. Baada ya Uhuru ulikabidhiwa halmashauri ya wilaya. Mwaka 1972, halmashauri zilipovunjwa, ukachukuliwa na Serikali Kuu. Mwaka 1987 ukarudishwa wilayani. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo ilipoanzishwa mwaka 1973 ilishika sehemu za juu za mlima, iliteremshwa mpaka ikaumeza msitu wote pamoja na Nusu Maili. Kila faili lilipohama ofisi, mwanamke mwenye mzigo wa kuni alikutana na mlinzi mwingine mwenye masharti mengine. Mti usio na mwenyewe wa kudumu hukatwa na kila mtu na haupandwi na yeyote. Uchunguzi wa angani uliofanyika mwaka 2001 ulionyesha uharibifu mkubwa wa miti ya asili katika miteremko ya kusini, na kwamba sehemu kubwa ya Nusu Maili imekuwa mashamba bila miti. Kwa hiyo hatushangai kwamba Hifadhi iliitwa kuja kulinda. Tunachouliza ni kwa nini ukanda uliotengwa kwa ajili ya jiko la mwananchi umeishia katika mikono ambayo kazi yake si kuni.

Sera ya pili ilianzia zizini, nayo, kwa maoni yetu, iliufahamu mlima vizuri zaidi. Kuanzia mwaka 1975, wakati bei ya mafuta ilipokuwa imezitikisa nchi maskini, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo Vidogo, SIDO, lilianza kujenga nchini mitambo ya gesi ya samadi. Ilikuwa ya mtindo wa Kihindi, yenye pipa la chuma linaloelea juu ya samadi. Pipa hilo lilikuwa ghali na lilishika kutu. Mwaka 1981 Bunge lilianzisha CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na ufundi vijijini, mjini Arusha. Kwa msaada wa Ujerumani, kituo hicho kilieneza mtambo wa namna nyingine: kuba la matofali lililofukiwa ardhini, lisilo na chuma cha kuoza.

Utendaji wake ni mwepesi kueleza. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kiasi kinacholingana, ikaingizwa ndani ya kuba lisilopitisha hewa. Vijidudu huila, na katika kuila hutoa gesi ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Gesi hupanda juu ya kuba na kwenda jikoni kwa bomba. Samadi iliyokwisha kazi husukumwa nje, nayo ni mbolea njema kwa migomba na mibuni. Wafugaji wengi wa nyanda hawawezi kuitumia njia hii, kwa kuwa ng'ombe wao huacha samadi malishoni. Mchagga alikwisha kumfungia ng'ombe wake zizini kabla mzungu hajafika. Mtambo ulikuta nyumba imekwisha kuandaliwa, nao haukumpunguzia mkulima mbolea hata koleo moja. Mwanamke aendelea kuleta majani, lakini mzigo wa kuni umepungua na moshi umetoka jikoni.

Basi mbona haumo katika kila kihamba? Saruji na fundi hudai fedha nyingi kwa mara moja, nayo bei ya kahawa haikuwa ya kutegemewa. Kijana aliyerithi robo ya kihamba hana nafasi ya ng'ombe wawili. Isitoshe, huko juu karibu na msitu baridi huwapunguzia vijidudu kasi, na gesi huwa chache. Mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani ulioanza mwaka 2009 ulijenga maelfu ya mitambo katika Tanzania, lakini mwenye ng'ombe na akiba ndiye aliyeweza kujiunga upesi.

Huko tambarare, Arusha Chini, kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa na kujipatia umeme, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliwafungulia wazalishaji wadogo njia ya kuiuzia TANESCO. Kiwanda kina wanasheria wa kusoma sheria kama hiyo, kihamba hakina.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kuwafikia Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Bayogesi imo. Lakini dukani huonekana zaidi mitungi ya gesi iletwayo nchini kwa meli, gesi isiyotoka shambani wala msituni.

Tena kuna mbege. Ndizi zake huchemshwa kwa saa nyingi katika vyombo vikubwa, na mtambo wa kihamba kimoja hauwezi kazi hiyo. Siku ya arusi au matanga kuni hutafutwa hata na mwenye jiko la gesi, na mara nyingi zinazopatikana ni za migrivea ambayo wananchi wameipanda wenyewe kandokando ya vihamba, pembeni mwa masale.