Nani Mwenye Ramani? Upokezi wa Mchezo wa Warcraft III na Suala la Umiliki wa Ubunifu, 2002–2020

Nadharia ya upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss nchini Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960, huichukulia kazi ya sanaa kuwa haikamiliki mpaka ipokelewe na hadhira, kila kizazi kwa upeo wake wa matarajio. Jauss alikusudia fasihi andishi. Hata hivyo, si rahisi kupata mfano ulio wazi zaidi wa hoja yake kuliko mchezo wa kompyuta wa Warcraft III: Reign of Chaos, uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California mnamo Julai 2002. Hadhira ya mchezo huu haikutosheka na kuufasiri. Iliutunga upya, na utungo huo ukazaa mgogoro wa umiliki ambao watunga sera za lugha na utamaduni wana sababu ya kuufuatilia.

Mchezo huu ni wa mkakati wa papo kwa papo. Katika bao au sataranji, mchezaji husubiri zamu yake; hapa pande zote hujenga, huchimba dhahabu na kushambuliana kwa wakati mmoja. Kanuni nyingi za utanzu huu ziliwekwa na Dune II ya 1992, na Blizzard ikazihamishia katika ulimwengu wa kifantasia mwaka 1994, ilipotoa Warcraft ya kwanza yenye vita kati ya binadamu na majitu yaitwayo Orc. Toleo la tatu liliongeza makundi mawili: wafu waliofufuliwa, na viumbe wa misituni waitwao Night Elves. Lilibadili pia mizani ya vita. Jeshi likizidi kiasi fulani, mapato ya dhahabu hupungua. Nguvu ikahamia kwa shujaa mmoja mmoja, anayepanda daraja kadiri anavyopigana. Baadhi ya wachezaji waliozoea vikosi vikubwa hawakuyapenda mageuzi hayo. Wanunuzi hawakusita: nakala zaidi ya milioni moja ziliuzwa katika mwezi wa kwanza.

Lakini kilichoupa mchezo umri mrefu ni programu iliyofungashwa pamoja nao, yaani kihariri cha kutengenezea ramani. Kwa kihariri hicho, mnunuzi yeyote aliweza kubuni uwanja wake, kubadili sheria na kuigawa kazi yake bure. Mwaka 2003 mtunzi aliyejulikana kwa jina la Eul, akifuata nyayo za ramani ya awali ya mchezo wa StarCraft, alitoa Defense of the Ancients, au DotA. Ndani yake ujenzi wa makazi uliondolewa. Kila mchezaji aliongoza shujaa mmoja tu, watano dhidi ya watano. Eul alipoacha, wengine waliichukua kazi, wakaongeza mashujaa na kurekebisha kanuni: Steve Feak, aliyetumia jina la Guinsoo, kisha IceFrog. Mwanafasihi simulizi atautambua mwendo huu mara moja. Fanani anaipokea hadithi, anaiongezea, anamwachia mwingine, na hadhira ndiyo inayoamua toleo lipi liishi.

Soko halikuwa na subira na mwendo wa aina hiyo. Mwaka 2009 Riot Games ilitoa League of Legends, mchezo uliojengwa juu ya mtindo wa DotA, na Feak alikuwa miongoni mwa waliouunda. Mwaka huohuo kampuni ya Valve ilimwajiri IceFrog, na mwaka 2010 ikaomba kusajili jina la Dota kuwa alama yake ya biashara. Blizzard ilipinga, shauri likamalizwa kwa maafikiano Mei 2012, Valve ikabaki na matumizi ya kibiashara ya jina hilo. Jina lililobuniwa na mtu aliyekuwa akigawa kazi yake bure likawa linagombewa na makampuni mawili. Thamani yake haikuwa ndogo: mashindano makuu ya Dota 2 ya mwaka 2021 yalikuwa na zawadi ya zaidi ya dola milioni 40.

Kwa mtafiti wa lugha, hatua yenye mvuto zaidi ilikuja mwaka 2017. Blizzard na Valve, sasa zikiwa upande mmoja, zilikuwa zimezishtaki kampuni nyingine katika mahakama ya shirikisho huko San Francisco kwa madai ya kunakili. Washtakiwa walijitetea kwa ujumbe ambao Eul aliuandika mwaka 2004, akiwaruhusu wengine kuiendeleza DotA. Je, maneno machache ya mtunzi anayeaga yalikuwa utelekezaji wa haki zake zote, au idhini tu kwa jamii ya wachezaji wenzake? Mahakama ilikataa kuimaliza kesi bila kusikilizwa, ikaona kuwa swali hilo lilistahili kuamuliwa na baraza la wazee wa mahakama. Leseni ya awali ya kihariri nayo ilipimwa: ilizuia matumizi ya kibiashara ya ramani, jambo ambalo ni tofauti na kumhamishia Blizzard umiliki wake.

Pengo hilo lilizibwa Januari 2020, ilipotolewa Warcraft III: Reforged. Masharti mapya yalitamka kwamba ramani zote zinazotungwa na wachezaji ni mali ya kampuni. Ngano ya Abunuwasi ikigeuzwa kuwa ramani ndani ya kihariri hicho, ramani hiyo haitakuwa ya aliyeitunga. Na hayo ni masharti ya kubofya, yasiyompa mtunzi nafasi ya kujadiliana.

Upokezi ulikuwa mkali. Wachezaji walilalamikia picha zisizofikia kiwango kilichoonyeshwa mwaka 2018 na huduma zilizoondolewa. Hata waliokuwa na mchezo wa zamani tu walilazimika kupakua programu mpya. Katika tovuti ya Metacritic, alama za watumiaji zilishuka chini ya 1 kati ya 10, na Blizzard ikakubali kurejesha fedha kwa waliotaka. Ghadhabu nyingi zilielekezwa kwenye picha, kwa kuwa picha huonekana. Kifungu cha umiliki kililalamikiwa pia, hasa na watunga ramani, nao ni wachache kuliko wachezaji.