Wimbo Tumeuweka, Kurudisha Tumekusahau

Wasee, Tukutendereza tunaujua sote. Mazishini unaimbwa, harusini unaimbwa, hata mheshimiwa akipewa maiki kanisani anauanzisha kabla ya siasa. Lakini wale waliotuletea huo wimbo hawakuishia kuimba.

Ni wimbo wa Kiganda, na uliokuja nao ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Church alikuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na miaka michache baadaye moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, na 1937 ukafika Kabete hapa kwetu. Kule Kati walioguswa waliitwa ahonoki, yaani waliookoka. Labda shosho yako ni mmoja wao.

Na si ati makanisa yalikuwa matupu. Yalikuwa na watu, shida ilikuwa maisha ya hao watu. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa amejipanga kuuliza sinodi ya Uganda mwaka 1936: mbona wanaoishi dhambini waziwazi bado wanapewa meza ya Bwana? Alifariki Januari mwaka huo, kabla ya sinodi. Swali lake halikuzikwa naye.

Jibu la ndugu wa Uamsho lilikuwa rahisi kusema na gumu kufanya. Ukitubu wizi, unarudisha ulichoiba. Watu walienda kwa majirani na waajiri wao wakiwa wamebeba vitu au pesa, wakasema, "Hii nilikuibia." Aibu yote mchana peupe! Kuimba bila hiyo safari, kwao, kulikuwa kelele tu.

Kanisa lenyewe halikufurahi. Mwaka 1941, chuo cha Bishop Tucker, Mukono, kilifukuza wanafunzi 26 pamoja na William Nagenda. Walikuwa wanaamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, na walikuwa wanakemea wizi na uasherati hapo hapo chuoni. Wakuu wakaona ni utovu wa nidhamu.

Sasa rudi Rwanda, nchi ilikowaka moto ule. Kufikia miaka ya 90, karibu watu 9 kati ya 10 walikuwa Wakristo. Halafu ikaja 1994. Watu walikimbilia makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyange, wakauawa humo ndani. Nyange, kanisa liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Arusha. Siulaumu Uamsho kwa hayo. Wapo waumini waliokufa wakiwaficha majirani zao. Lakini pale tulijifunza kwamba nchi inaweza kujaa waabuduo na bado jirani akamchinja jirani.

Sisi hatuko huko, lakini tunacheza na mambo yale yale. Mtu anatajwa kwenye kashfa Jumatatu, Jumapili anashika kiti cha mbele, anatoa bahasha, kwaya inaimba. Juni 2024 vijana waliuliza hiyo pesa inatoka wapi. Novemba mwaka huo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akakataa shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto, akaagiza zirudishwe. Kuna waliosema ni dharau. Mimi niliona kanisa likikumbuka kitu ambacho ahonoki walikijua zamani.

Ila tusiwaachie wanasiasa peke yao hii mada. Fundi aliyekula deposit ya mtu akazima simu anaimba. Landlord aliyekataa kurudisha pesa ya mpangaji anaimba. Wale ndugu wa zamani wangetuuliza swali moja tu kabla ya wimbo kuanza: umerudisha?