Pa Kuanzia Kuzisoma Hadithi za Tintin
Anayekusudia kuzisoma hadithi za picha za Tintin hukabiliwa na vitabu 24, na yamkini akadhani kwamba sharti aanze na cha kwanza. Hergé, Mbelgiji, alizianza gazetini mjini Brussels mwaka 1929, akichora nchi asizozijua. Mwaka 1934 alikutana na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka Uchina, akajifunza kuchunguza kabla ya kuchora. Tunda lake ni *Le Lotus bleu*. Tuanzie hapo, ndipo turejee *Tintin au Congo*. Humo watoto wa Kongo walifundishwa kwamba Ubelgiji ndiyo nchi yao. Katika toleo la 1946 somo hilo likageuzwa hesabu, bali dharau ya michoro ikabaki. Basi tuyasome matoleo hayo sambamba, kwani kilichofutwa nacho ni historia.